Kigingi cha Chumvi

Kwa Mpombe, Deltani
2 Juni 2025

Mwanangu Dulla,

Salamu nyingi zikufikie huko majini. Huku sote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo lina mambo yake, na mbuzi wa Tabu jirani amekula kanga yangu ya Idi kabla Idi haijafika. Dada yako Yasmin wa Mtawanya amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia kwa sauti ya marehemu baba yako. Wamemwita Ashura. Nimemwona mara moja, akanitapikia, tukazoeana.

Barua naandika kwa sababu unayoijua. Mtandao kwetu unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichoko uani kwa baba yako mdogo Miraji, na mimi siwezi kusimama juu ya kichuguu cha mtu nikamsema naye yuko chini yake anasuka dema lake la kutegea kaa. Nampa Kheri wa kivuko cha Nyamisati, ataivusha mpaka Kilindoni, na meli yenu ikija kuchukua mboga wataikuta.

Sasa neno lenyewe. Maulidi mwaka huu yanaangukia mwanzoni mwa Septemba, na asubuhi yake tunaonja maji. Najua unaujua wasia wa babu yako Mzee Kondo, lakini nyinyi mkipanda meli mnasahau, kwa hiyo naurudia. Kandokando ya kijito chetu, palipo na maji baridi ni pa Mwanawetu, alime mpunga. Palipo na maji ya chumvi ni pa Miraji, atege kaa. Na kila mwaka, asubuhi baada ya Maulidi, kaka yao mkubwa, na baada yake mwanawe, apande mtumbwi akiwa hajala chumvi siku tatu, aonje maji kwa kata tangu chini mpaka juu, na pale uso wake utakapoacha kukunjamana pachomekwe kigingi. Alionja baba yako mpaka alipofariki. Sasa ni wewe, hakuna mwingine.

Mwaka jana uso wako ulikuja kukunjuka usawa wa jiko langu. Sikulaumu, ulionja sawasawa. Lakini tangu siku hiyo Miraji anakuja kila adhuhuri, anakaa juu ya kibao changu cha mbuzi cha kukunia nazi, anasema yuko kwake. Chumba cha kulala changu, jiko lake. Nikipika anaonja mchuzi, anasema chumvi imezidi, halafu anasema hata hiyo chumvi ni ya upande wake.

Kigingi kikipanda kidogo tu mwaka huu, na chumba nacho kimekwenda. Nitahamia kwa Yasmin, nikae chini ya mikorosho nihesabu malori. Mpunga ulistawi sana, ila sikuvuna mwingi. Mchele tunanunua Kibiti.

Je, utakuja? Nijibu hilo kwanza, habari za samaki baadaye.

Shangazi yako,
Mwanawetu binti Kondo


Meli ya Utafiti Pweza, mashariki ya Mafia
24 Juni 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa chini ya gunia la vitunguu, na bado inanukia. Nimefurahi mno kuhusu Ashura. Pole kwa goti na kwa kanga. Mimi ni mzima, ila mpishi wetu anaamini tambi ni chakula cha watu, na Nurdini wa Mchukwi ninayelala naye chumba kimoja anakoroma mpaka vyombo vya kupimia mawimbi vinashtuka.

Uliwahi kuniuliza tunafanya nini humu, nikakuambia tunapima maji, ukacheka. Ni hivi. Tuna chuma kikubwa cha duara chenye mitungi ishirini na minne. Tunakishusha kwa waya mpaka karibu na sakafu ya bahari. Njiani kinapima joto na chumvi, na wakati wa kukipandisha kila mtungi unajifunga kwenye kina chake, ukibeba maji ya pale pale. Kikifika juu tunapanga foleni na chupa zetu. Wa kwanza kuteka ni anayepima hewa iliyomo majini, maana hewa inatoroka. Wa chumvi ndiye wa mwisho, kwa kuwa chumvi haina haraka. Huyo wa mwisho ni mimi. Chupa unaisuuza mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kuijaza, kisha unaifunga na kuipeleka kwenye chumba cha mashine ya chumvi. Mashine haionji. Inapitisha umeme kwenye maji, na kadiri umeme unavyopita kwa urahisi ndivyo chumvi ilivyo nyingi.

Bahari nzima, kokote tulikokwenda, ina gramu thelathini na tano hivi kwenye kila kilo ya maji. Tunachotafuta ni tofauti ndogo ndogo. Ukitia punje mbili tatu za chumvi kwenye sufuria, mashine itajua.

Kuhusu kuja: ratiba inasema tutafunga gati Dar mwishoni mwa Agosti. Ratiba ni ratiba.

Umesema mpunga ulistawi, kisha umesema mnanunua mchele. Hapo sikuelewa.

Mwanao,
Abdulswamadu


Kwa Mpombe
11 Julai 2025

Mwanangu Dulla,

Marahaba. Kwa hiyo unamwaga maji mara tatu ndipo uyaweke, na watu wanakulipa. Hongera.

Ashura ameota jino, Yasmin anasema ni mapema, mimi nasema ni ukoo. Tabu amenilipa kanga, lakini ya rangi ambayo hata mbuzi wake ameikataa.

Uliniambia ratiba ni ratiba. Mimi sikuuliza ratiba. Haya, kama huji wewe, basi nakuja mimi kwa njia nyingine. Unazikumbuka zile chupa chakavu za meli ulizoniletea mwaka jana, zenye namba ubavuni? Hakuna chombo bora cha samli duniani. Moja nimeimwaga samli yake, nimeisugua kwa majivu na mchanga, nimeisuuza mara tatu kama mnavyosuuza nyinyi wataalamu, na ndani yake nimeteka maji ya kijitoni, hapo hapo usawa wa jiko langu. Itakufikia pamoja na barua hii.

Itie kwenye mashine. Kisha andika cheti kwamba maji ya jikoni kwa Mwanawetu ni baridi, hayana chumvi hata chembe, na upige muhuri wa meli. Wino uwe wa zambarau. Watu wa huku wanauheshimu wa zambarau kuliko wa bluu.

Miraji amepata fununu. Alikwenda mpaka Utete kuuliza kama serikali nayo ina ulimi wake rasmi. Amerudi na mkungu wa ndizi, jibu hakurudi nalo. Ndizi amezileta jikoni "kwake", nikazipika, akala, akasinzia papo hapo mdomo wazi. Nilimfunika mkeka kwa sababu ya nzi tu.

Mpunga tuuache.

Shangazi yako


Meli ya Utafiti Pweza
6 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na Ashura anaendelea kuota. Huku afya ni njema. Mambo mengine si mema.

Chupa yako ilifika salama Kilindoni. Niliiweka kitandani kwangu, nikakusudia kuipima siku ya mapumziko. Sasa sikiliza. Chupa ile ni namba kumi na saba. Kwenye kreti yetu, tundu la kumi na saba limekuwa tupu tangu nikuletee zile kuukuu, na mimi nilikuwa nateka mtungi wa kumi na saba kwa chupa ya akiba. Nurdini ni mtu msafi na mwenye roho nzuri. Alipoingia chumbani akaona chupa namba kumi na saba imejaa maji imelala kitandani, akasikitika, akairudisha kwenye tundu lake. Ile ya akiba akaimwaga na kuiosha vizuri sana.

Mtungi wa kumi na saba siku hiyo ulikuwa umetoka mita elfu mbili chini.

Nilikuwa nimelala sitahani, mbali na mkoromo wa Nurdini. Aliyepima ni mwenzangu wa zamu. Mashine ikasema kwamba katikati ya bahari, chumvi juu yake na chumvi chini yake, mita elfu mbili kutoka kwenye mwanga wa jua, kuna maji matamu ya kunywa. Akapima tena. Matamu. Akamwita mkuu wa safari, Dk. Muzdalifa, mwanamke wa Pangani ambaye hajawahi kucheka kabla ya saa nne asubuhi. Akaangalia, akakaa. Akasimama, akakaa tena. Kisha akaagiza meli igeuke.

Shangazi, tulirudi nyuma siku mbili. Mpishi alitangaza kwamba ni mto wa majini na mashetani na tusiimbe tukiwa juu yake. Mgeni mmoja, profesa, alishauandikia kurasa sita na kuupa jina, Mto Muzdalifa. Mimi nilipoamka na kuambiwa, nilikwenda kuangalia kitandani, sikuona chupa. Nikaenda mlangoni kwa Dk. Muzdalifa kusema. Nikamkuta anatabasamu, saa mbili asubuhi. Nikarudi.

Tulishusha chuma mara ya kwanza, chumvi. Mara ya pili, chumvi. Kabla ya mara ya tatu tuliomba dua, chumvi. Ndipo Dk. Muzdalifa akaichukua ile chupa, akaizibua, akainusa. Kisha akauliza mbele ya watu wote, "Kwa nini bahari inanuka samli?"

Nikasema, "Ni ya shangazi."

Sasa siruhusiwi kugusa mashine ya chumvi. Naosha chupa. Siku zilizopotea zinafidiwa mwishoni, kwa hiyo hatutafunga gati mpaka wiki ya pili ya Septemba. Maulidi yatapita nikiwa baharini.

Na jambo moja zaidi, nalisema kwa adabu. Maji ya mto, hata yakiwa baridi kiasi gani, yana udongo wake na madini yake, na mashine huyasikia. Yale yako hayakuwa na kitu kabisa. Maji ya namna ile hayapiti kijitoni, yanashuka kutoka mawinguni na kukaa kwenye tangi.

Cheti sikuandika.

Mwanao,
Abdulswamadu


Kwa Mpombe
17 Agosti 2025

Dulla,

Marahaba. Sote wazima.

Samli ile ilikuwa nzuri, na nashangaa mwanamke mzima, daktari, anapita akinusa chupa za watu. Maji niliyateka kijitoni. Kama kijito kiliyapata maji yake kwenye tangi la msikiti, hilo ni la kijito.

Kwa hiyo huji. Usinisingizie chupa. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilikuuliza utakuja, ukanijibu mitungi ishirini na minne. Nimekulea tangu mama yako alipoondoka, umekula kwenye sahani yangu, nakujua unavyogeuza mgongo usipotaka kutumwa. Umekimbilia mahali ambapo chumvi ni ya kila mtu na haimhamishi mtu nyumbani kwake.

Basi kaa huko. Miraji amechonga kigingi kipya, cha mkoko, kirefu. Amekileta kukikausha juu ya jiko, nami nimekigeuza mara mbili kisiungue.

Mwanawetu


Meli ya Utafiti Pweza
27 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za tambi.

Ni kweli. Ratiba ingeniruhusu au isingeniruhusu, sikutaka kuja. Mwaka jana nilipoacha kukunja uso nilikutazama. Ulikuwa umeshika fremu ya mlango wa jiko. Ukasema kwa sauti watu wasikie, "Ameonja sawasawa," kisha ukaingia ndani kutupikia. Kile chakula nakikumbuka mpaka leo. Humu nimepima maelfu ya chupa, na hakuna hata moja iliyokuwa na nyumba ya mtu juu yake. Nakupenda, Shangazi, na ulimi wangu hauwezi kusema uongo, na mambo hayo mawili sikujua niyaweke vipi kwenye mtumbwi mmoja.

Lakini kuosha chupa kunampa mtu nafasi ya kufikiri. Nilianza kukumbuka vigingi vyote, mwaka hadi mwaka, tangu nikiwa mtoto nimekaa mbele ya baba mtumbwini. Babu alipotoa wasia, Maulidi yalikuwa Aprili. Masika, mto umefurika, maji baridi mpaka karibu na mdomo wa bahari. Kigingi cha kwanza kilichomekwa mbali kule, hata kukiona kutoka kwako huwezi. Lakini Maulidi hayakai mahali pamoja. Kila mwaka yanarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Yakatoka Aprili, yakaingia Machi, Februari, yakapita Desemba na Novemba, na sasa yako Septemba, katikati ya kiangazi, mto umekonda na bahari inapanda inavyotaka. Miaka ishirini tunaonja siku ile ile ya Maulidi na tunadhani ni siku ile ile ya mto. Baba mdogo hakukuibia shamba. Mwezi ndio umekuwa ukimpa.

Nimemwonyesha Dk. Muzdalifa. Amecheka, na ilikuwa saa tatu.

Sitakudanganya kwamba ni kalenda peke yake. Chumvi nyingine ni ya kweli, bahari inaingia, na hiyo sijui kama itarudi. Lakini sehemu kubwa itarudi. Maulidi yataifikia tena masika mwaka 2037. Hapo kigingi kitashuka chenyewe.

Shida ni miaka hii kumi na miwili katikati.

Mwombe baba mdogo asubiri. Mimi nikimwomba atasema nimetumwa.

Mwanao Dulla


Kwa Mpombe
10 Septemba 2025

Mwanangu Dulla,

Salamu nyingi sana. Ashura sasa anajigeuza mwenyewe kitandani. Mbuzi wa Tabu amechinjwa siku ya Maulidi na mimi nilikula mnofu wa paja kwa nia ya ile kanga.

Barua yako ilifika mapema. Niliisoma jikoni kwa sauti, kwa sababu macho yangu siku hizi hayaelewi mpaka masikio yasaidie. Miraji alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi akijifanya anachokoa moto. Pale ulipoandika kwamba unanipenda alipaliwa na moshi. Nilisoma mpaka mwisho. Akauliza tu, "Elfu mbili na thelathini na saba?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akaondoka bila kula, na hilo halijawahi kutokea.

Siku tatu kabla ya siku yenyewe akakataa mchuzi wangu. Nikadhani ananiudhi. Kumbe hali chumvi.

Asubuhi watu walijaa ukingoni, na wewe hupo. Maalim Hemedy wa msikitini akauliza nani ataonja. Miraji akasema mwana wa mkubwa akikosekana, ndugu wa mkubwa anashika nafasi. Nikapiga kelele, nikasema hakimu gani huyo, mwenye shauri ndiye mwenye kata! Maalim akafikiri, akaangalia jua linavyopanda, akasema na aonje.

Dulla, hakuanza hata usawa wa jiko. Alipiga kasia akateremka, akalipita shamba langu la mbele, akaupita ule mkoko uliopinda, mpaka kule ambako kaa wake mwenyewe wanaishi. Akachota kata ikajaa. Wewe na baba yako mlikuwa mkiramba tu. Yeye akainywa yote, kooni ikapanda na kushuka, na uso wake ukawa mtulivu kama anakunywa uji. Akasema, "Baridi." Watu wakaguna. Akachota ya pili, akainywa, akasema, "Tena tamu." Akakichomeka kile kigingi kirefu hapo hapo, katikati ya madema yake.

Niliingia majini na kanga yangu mpya mbaya. Nikachota kwa mkono, nikaonja. Chumvi tupu! Nikawaambia watu wote, huyu mwongo, maji haya ni ya chumvi, hapa ni pake! Naye akasimama mtumbwini ananifokea, "Mwanawetu, usinitoe maanani, hapa ni pako!" Tumegombana hivyo mpaka adhuhuri, mimi nampa shamba, yeye ananirudishia. Maalim Hemedy alisema katika maisha yake hajaona kesi ambayo kila mmoja anadai kushindwa. Akaamua mwenye kata ndiye wa kusikilizwa, akaenda kula.

Jioni nilimkuta Miraji nyuma ya nyumba anatapika. Nikamshika kichwa, kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa mdogo nambeba mgongoni. Nikamuuliza kwa nini, baada ya makelele yote ya Utete. Akasema, "Ukienda Mtawanya nitagombana na nani?"

Maji yenyewe hayakusikia uamuzi wa Maalim, hilo najua. Mpunga wa mbele ulikufa mwaka jana, wote, rangi ya kutu, na sikukuandikia kwa sababu nilidhani nikilitia kwenye karatasi litakuwa kweli. Nitasubiri mvua zioshe udongo ndipo nipande, na pale panapokataa nitaacha. Na chupa ile, maji yalikuwa ya tangi la msikiti. Mwambie daktari wako nampa pole ya mto wake.

Jiko limerudi kwangu. Miraji bado anakuja kila adhuhuri, ila siku hizi anapiga hodi.

Ameapa ataonja mwenyewe kila Maulidi mpaka hiyo 2037. Nimemwambia utarudi na ulimi wako wa kweli na utamwaibisha. Amesema wewe kaa melini, Maulidi yote hayo. Kila magharibi baada ya swala anateremka kijitoni na kata yake, anakunywa kidogo, anajitazama kwenye kioo changu cha mkononi, anarudia mpaka uso utulie. Ana miaka sitini na mitatu.

Meli ikifunga gati, njoo. Mashine iache huko huko. Lete sukari guru, nyingi, ya kumsuuzia mdomo.

Shangazi yako,
Mwanawetu binti Kondo